Huruma Pekee Haitoshi: Tudai Mafunzo Kazini

Leo tuzungumzie kazi ambayo wengi wetu hapa Brussels tunaifanya, lakini tukikutana Matonge hatupendi kuitaja: kuwahudumia wazee na watu wenye ulemavu. Kwa maoni yangu ni kazi ya heshima. Tatizo ni kwamba tunaiingia tukidhani huruma tuliyolelewa nayo inatosha. Haitoshi.

Nilijifunza hilo kwa hofu. Katika miezi yangu ya mwanzo niliachiwa nimlishe bwana mmoja asiyeweza kusema. Nilimlisha supu kama nilivyokuwa nikimlisha bibi yangu nyumbani: taratibu, kwa upendo, akiwa ameegemea mto. Ghafla akapaliwa, uso ukabadilika rangi. Muuguzi alimwahi, namshukuru Mungu. Kumbe alikuwa na shida ya kumeza. Alitakiwa akae wima, vinywaji vyake vifanywe vizito, na kijiko cha pili kisubiri hadi cha kwanza kimezwe. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza.

Nani wa kulaumiwa? Mwajiri anayemwacha mgeni peke yake bila maelekezo ana kosa. Lakini nasi tunalo letu. Tukiitwa kwenye mafunzo tunasema, "Nimelea watoto, nimeuguza wazazi, nifundishwe nini tena?" Wengine tunanyamaza tukihofia mkataba. Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Anayeumia ni yule asiyeweza kujitetea, halafu na wewe: mgongo ukiharibika kwa kumwinua mtu bila mashine, nani atakurudishia?

Basi zingatieni haya:

1. Jueni mipaka ya kazi yenu. Msaidizi wa muuguzi, yaani aide-soignant kwa Kifaransa au zorgkundige kwa Kiholanzi, anahitaji kibali cha idara ya afya ya serikali kuu. Kibali hicho nacho huitwa visa, japo hakihusiani na visa ya kuingilia nchini.

2. Amri ya Februari 2019 iliwaongezea wasaidizi hao majukumu, kama kupima sukari na kumpa mgonjwa dawa fulani zilizoandaliwa na muuguzi au mfamasia. Waliosoma kwa utaratibu wa zamani wanapaswa kwanza kumaliza mafunzo ya ziada ya saa 150. Kama hujayapata, usikubali majukumu hayo hata ukiambiwa "leo tu".

3. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka msaidizi wa muuguzi ajiendeleze angalau saa 8 kila mwaka. Muulize mkuu wako saa zako zimepangwa lini.

4. Mwajiriwa wa sekta binafsi hapa Brussels aulizie likizo ya masomo yenye malipo, congé-éducation payé. Si kila kozi inakubaliwa, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha.

5. Asiye na kazi ajiandikishe Actiris, kisha aulizie kozi za Bruxelles Formation kwa Kifaransa au VDAB kwa Kiholanzi.

Na tusijifunze kuinua na kulisha tu. Ubelgiji iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na unataka wafanyakazi wafundishwe haki hizo. Maana yake mtu mzima asiyesema bado ana uamuzi wake: nguo gani avae, ale saa ngapi, nani amwogeshe. Kujua kusoma macho yake na mikono yake ni ujuzi, nao unafundishwa.

Yule bwana, tukamzoea. Baada ya kufundishwa nikaelewa kwamba akifumba macho anasema "ngoja kwanza". Siku ile ya supu alikuwa ameyafumba mara mbili.

Jitunzeni, na mkaulize.