Usalama wa Mafundi Usiishie Kwenye Miradi Mikubwa

Ujenzi wa madarasa, zahanati na miundombinu ya maji umesogeza huduma karibu na wananchi wa maeneo kama Mkula, mkoani Simiyu, na kuwapatia vijana ajira za ufundi na usaidizi wa mafundi. Hata hivyo, ukubwa wa hatari haupimwi kwa ukubwa wa mradi.

Hatari ya kwanza ni kuanguka kutoka juu. Vijijini, jukwaa la kupandia hufungwa kwa mirunda, kamba na misumari. Ubao mmoja uliooza unatosha kumwangusha fundi. Ya pili ni kuporomoka kwa udongo. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika tambarare za Simiyu, hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba mvua inyeshapo. Kuta za mtaro wa bomba au shimo la choo zinaweza kumfukia aliye ndani kabla ya msaada kufika. Zipo pia hatari za matofali yanayodondoka, nyaya za umeme zilizo wazi na saruji inayounguza ngozi na macho.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kutoa vifaa kinga. Katika mradi mkubwa, mwajiri huyo anafahamika: ni mkandarasi. Hali ni tofauti pale halmashauri inapotumia mafundi wa ndani, utaratibu uliotumika katika ujenzi wa madarasa 15,000 ya mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 ulioanza mwaka 2021. Hapo zipo kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi, zinazolinda fedha na vifaa. Swali linalobaki ni nani anayelinda maisha ya fundi, hasa anapolipwa kwa kazi iliyokamilika na hivyo kuharakisha.

Kutokuwepo kwa mkandarasi hakufuti wajibu huo. Makubaliano ya maandishi na fundi yanaweza kumtaja msimamizi wa usalama, atakayekagua jukwaa kila asubuhi na kuhakikisha kuta za mtaro zimeegemezwa kwa mbao, huku udongo uliochimbwa ukiwekwa mbali na ukingo. Gharama za vifaa kinga nazo ziingizwe kwenye makadirio tangu mwanzo. Kofia ngumu ni kinga ya mwisho. Haiwezi kumwokoa aliyefukiwa.

Jambo jingine ni kumbukumbu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo msingi wa mfuko unaomlipa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Lakini kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote atapata ugumu kuthibitisha kwamba aliumia kazini. Kamati inayohesabu kila mfuko wa saruji unaoingia stoo inaweza pia kuandika, kila siku, jina la kila anayeingia kazini.