Mtaalamu wa Seva Naye Ajifunze JavaScript

Nimeisoma hoja kwamba mtaalamu wa seva hana haja na JavaScript, kwa kuwa kazi yake huishia kwenye hifadhidata. Naipinga.

Tangu msimu wa 2024, korosho za Masasi na Newala, chini ya vyama vikuu vya ushirika MAMCU na TANECU, huuzwa kwa mnada wa kidijitali wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Sasa mfikirie karani wa chama cha msingi anayeingiza kilo za wakulima kwa simu huku mtandao ukikatika. Ukaguzi wote ukiwa kwenye seva, kosa dogo, kama herufi iliyoingia kati ya tarakimu, humlazimu atume fomu, asubiri, airudie, na bando linaisha. Skripti ya JavaScript ndani ya kivinjari huligundua papo hapo, na inaweza kutunza alichoandika hadi mtandao urudi.

Ni kweli, seva lazima ikague upya, kwa sababu ukaguzi wa kwenye kivinjari mtu yeyote anaweza kuukwepa. Ndiyo maana tunahitaji wanaojua pande zote mbili: asiyeujua mmoja hawezi kupanga ukaguzi upi ukae wapi. Jifunzeni, karani wa Newala anastahili fomu inayomsaidia kazi.