Maoni Yetu Juu ya Sinema

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa za gazeti la chama chetu nipate kueleza jambo ambalo huenda baadhi ya wanachama wakaliona dogo, walakini mimi naliona lina uzito wake. Nalo ni habari ya maoni tuyatoayo baada ya kutazama sinema.

Kila Jumatatu, saa ya chai, mazungumzo ya kwanza katika afisi nyingi si mishahara wala uhamisho, bali ni picha zilizotazamwa tangu Ijumaa jioni. Huyu ametazama nyumbani kwa king'amuzi, yule katika kibanda umiza, wa tatu katika simu yake ndani ya daladala. Furaha huwa kubwa, na sauti hupanda hata mkuu wa masjala akafunga mlango. Lakini ukisikiliza kwa makini utaona ya kwamba maneno yenyewe ni machache mno. "Picha kali." "Haina kitu." "Mwisho jamaa anakufa." Kisha chai imekwisha, na kila mtu hurudi kwenye majalada yake. Mtu ambaye mchana kutwa huandika dokezo la kurasa mbili juu ya ombi la viti vinne, akaeleza chimbuko, hoja na mapendekezo, hawezi kutoa sababu hata moja kwa nini picha ya saa mbili ilimliza au ilimchosha.

Wako wakubwa wetu kazini wasemao kwamba mazungumzo ya sinema hayamfai mtumishi wa serikali, ati ni mambo ya vijana wasio na kazi. Kwa heshima yote nawakumbusha habari za marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, mzee huyo alikuwa karani kama sisi, katika Idara ya Ujenzi, kisha akaingia katika kazi ya ustawi wa jamii. Miaka ya mwanzo ya 1950 alionekana katika picha za sinema za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, na wako watu waliomjua kwa uso kabla ya kumjua kwa siasa. Na miaka hiyo hiyo alikuwa kiongozi wa TAGSA, yaani chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, akawa rais wake kabla ya kwenda kuongoza kazi za shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Basi kama mtu mmoja aliweza kushika majalada, kuigiza mbele ya kamera, na kudai haki za makarani, bila kimoja kuharibu kingine, sisi tunaoketi tu na kutazama twaonaje haya kusema tulichokiona?

Tena maoni ya mtazamaji si kitu cha mchezo, maana katika nchi zetu yalikwisha kutumiwa vibaya. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya majaribio ya sinema, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, iliyoongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Walitengeneza picha zipatazo 35 juu ya kilimo, afya, kuweka akiba posta na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, na katika nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara yake yenyewe ya sinema kwa makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishika shauri kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kuifuata picha iendayo upesi. Kwa hiyo apewe picha za polepole, kitu kimoja kimoja, bila ya kurukaruka.

Iko hadithi mashuhuri itokayo katika kazi za namna hiyo, iliyosimuliwa na Mwingereza John Wilson na kuenea vitabuni miaka ya 1960. Wanakijiji walionyeshwa picha ya bwana afya juu ya kuondoa maji yaliyotuama na kuokota makopo matupu. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Wenye picha walistaajabu, kwani wao hawakujua ya kuwa mna kuku yeyote ndani yake. Ikawabidi kuipitisha tena kipande kwa kipande, na kumbe kweli, kuku alipita mara moja pembeni akatoweka. Wanakijiji walipozidi kuulizwa walisema mtu naye walimwona.

Wataalamu wengi waliichukua hadithi hiyo kuwa ushahidi kwamba watu wale hawakujua kutazama sinema. Mimi naisoma kinyume. Bwana afya wa kuwaambia watu wafukie madimbwi, nani asiyemjua? Si habari. Lakini kuku aliyekurupuka ni kitu chenye uhai, ni mali ya mtu, na hakuamriwa na yeyote kupita pale. Aliyeipiga picha hakumwona, aliyeikata na kuiunga hakumwona, waliokaa chini mbele ya turubai walimwona. Katika watu hao wote, nani aliyetazama? Ndiyo sababu siku hizi, mwenzangu akiniambia "picha kali", humwomba anionyeshe kuku wake: kitu kimoja tu alichokiona kwa macho yake mwenyewe, ambacho hakukisoma katika simu wala hakukisikia kwa jirani.

Sasa nije kwenye kosa lililo baya kuliko uchache wa maneno, nalo ni kutoa hukumu juu ya picha usiyoiona. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, alitoa sinema ya habari za kweli iitwayo Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza, juu ya samaki aina ya sangara, viwanda vya minofu, na ndege kubwa za mizigo zitokazo Ulaya kuja kuichukua. Sinema hiyo ilifika mpaka kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Jakaya Kikwete, aliikemea hadharani, akisema imeipaka nchi matope, na tangu hapo nchi nzima ikawa na maoni. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ya misheni wakati ule. Bwenini tuligawanyika pande mbili, wenye kuitetea na wenye kuilaani, na ubishi ulidumu juma zima, hata mwalimu mmoja alipouliza kwa upole ni nani kati yetu aliyeiona. Hakuna mkono ulioinuka. Akageukia walimu wenzake. Hapo napo kimya.

Nimeitazama miaka ya baadaye, mara mbili. Kwa maoni yangu, palipo na nguvu ni pale inapoonyesha mapanki, yaani mifupa na vichwa vibakiavyo baada ya minofu kwenda ng'ambo, vikianikwa juani ili watu wale. Mtu hawezi kutazama kipande kile kisha akala chakula chake kwa raha. Palipo na udhaifu ni habari ya silaha. Mwenye sinema auliza tena na tena ndege zile huja na nini kabla hazijabeba samaki, na rubani mmoja anasimulia jinsi alivyopeleka mizigo ya vita Angola, lakini bunduki yenyewe inayoshushwa Mwanza mtazamaji hatiliwi machoni. Anaachwa na shaka, na shaka si ushahidi; karani yeyote aliyepata kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu alijua hilo. Je, maoni haya ni ya kuitetea au ya kuilaani? Si hivi wala si vile. Wala sisemi kwamba Rais alikosa kusema. Mkuu wa nchi ana wajibu wake. Nasema kwamba sisi wengine tulipewa nafasi adimu ya kubishana juu ya samaki wetu, viwanda vyetu na njaa yetu, tukabishana juu ya nani anaipenda nchi zaidi.

Kinyume chake ni picha iliyosifiwa bila kuangaliwa. Vuta N'kuvute ya Bwana Amil Shivji ilionyeshwa Toronto mwezi Septemba 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania katika kuwania tuzo za Oscar, mara ya pili tu kwa nchi yetu baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Habari hizo zilipofika afisini kila mtu alifurahi, na kila mtu alisema "safi sana". Nikauliza ni nani aliyekwenda kuitazama. Walioinua uso walikuwa wawili.

Picha hiyo imetokana na riwaya ya Bwana Adam Shafi iliyochapwa mwaka 1999, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, wengine wakaisoma tena kwa ajili ya nafsi zao. Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume mzee, anamkimbia. Anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji. Anakutana na Denge, kijana aliyerudi na fikira za kuiondoa serikali ya kikoloni. Hapa nitanyamaza, maana kumwambia mtu mwisho wa hadithi kabla hajaiona ni kumwibia.

Mmoja wa wale wawili, dada yetu wa uhasibu, alilalamika kwamba sinema imekata mno, na kwamba riwaya ni bahari nayo picha ni kisima. Nakubali ilikata. Lakini kitabu ni cha siku nyingi, na picha ni ya saa moja na nusu. Mwenye kusafiri na kikapu hawezi kubeba kabati. Ninachoisifia ni kutokuwa na haraka. Kamera hukaa juu ya uso wa Yasmin mpaka mtazamaji aanze kufikiri anayoyafikiri yeye, na gizagiza la vichochoro vya Mji Mkongwe halikuwekwa kwa pambo la kuwapendeza watalii. Naye Siti Amina, aliye mwimbaji kweli kweli, anamfanya Mwajuma kuwa mtu wa kutamani kuketi naye barazani. Tena ni faraja kusikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa kwa utulivu, si kwa kupiga kelele.

Ila nina lawama yangu, na naitoa kwa nia njema. Mtu asiyesoma riwaya hataelewa vizuri kwa nini serikali yenye askari na magereza iliogopa vikaratasi vya vijana wachache. Wenzake Denge wanapita kama vivuli. Mapenzi yamepewa chumba kizima, na siasa imekalishwa ukumbini. Dada wa uhasibu aliniambia ndivyo inavyofaa, kwa kuwa Yasmin ndiye aliyefungwa mara mbili, na mume na serikali, hali Denge alifungwa mara moja. Sikupata jibu la haraka, na mpaka leo naendelea kulitafuta. Hayo ndiyo mazungumzo ya sinema niyasemayo.

Juu ya picha za bei nafuu ziitwazo bongo muvi nitasema kidogo tu. Kuna makarani wanaojivuna kwamba hawazitazami. Walakini mwezi Aprili 2012, alipofariki Steven Kanumba, viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika watu, na siku zile hata wenye kujivuna walionekana kuzijua picha zake jina kwa jina. Sina ugomvi na mtu anayezipenda wala anayezichukia, maadamu anaeleza. Kuzidharau mchana na kuzitazama usiku hakumsaidii mwenye kuzitengeneza arekebishe sauti yake mbovu au hadithi yake iliyorefushwa iwe sehemu ya kwanza na ya pili pasipo sababu.

Nisisahau wafasiri wa vibandani. Wako wanaowacheka, lakini Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wenzao wa Uganda ni watoa maoni wa kwanza wa umma. Hawafasiri maneno tu; humkemea adui, humwonya shujaa, humfananisha tajiri wa Hong Kong na mwenye nyumba wa Manzese. Wazee wa Unguja walioipenda Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, wengi hawakujua Kihindi, nao waliisimuliana na kubishana juu ya baba na mwana na ndoa za kuchaguliwa. Kwa hiyo kisingizio cha lugha nakikataa kabisa.

Basi naomba Halmashauri itoe nusu ukurasa katika kila toleo kwa maoni ya wanachama juu ya picha moja waliyoitazama. Maneno yasizidi 150. Mwandishi aseme aliitazama wapi, na kama aliitazama mpaka mwisho. Asiufichue mwisho huo. Ataje kuku wake mmoja. Ambaye hakuiona asiandike, hata akiwa na cheo gani. Akina mama waandike pia, nasi tusiwakatize kama tufanyavyo saa ya chai. Napendekeza tuanze na Vuta N'kuvute, na dada wa uhasibu amekwisha kuahidi kunijibu. Maoni yapelekwe kwa Mwandishi wa Chama, yameandikwa upande mmoja wa karatasi na kwa nafasi ya kutosha kati ya mistari, kwa sababu anayekata stensili ni mmoja tu, na macho yake si ya kuchezewa.

Ni mimi mwanachama wenu,
Karani wa Masjala