NYUMBA YETU
Kinga isilale mahali pa mtoto

Leo jioni fanya jaribio moja. Azima mita ya fundi, pima kinga yako toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Utapata karibu sentimeta 180. Upana wa usukani ni karibu 60. Kisha pima mkeka wa mtoto wako. Utaona wewe mwenyewe: kinga moja inayolala salonini inakula nafasi ya mtu mmoja.

Hapa kwetu Mangina wenye garaji ni wachache. Kinga inayobeba kakao, bido za mawese na mchanga wa kwenda kuoshwa dhahabu haiwezi kulala inje, asubuhi hautaikuta. Tena, tangu mauaji yaanze katika teritware ya Beni mwezi wa kumi 2014, nyumba nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao. Vyumba viwili, watu kumi, kinga tatu! Mama akilalamika, baba anajibu: "Lakini hii kinga njo inalipa masomo!" Wote wawili wako na haki. Basi tusiuze kinga. Tuisimamishe.

Neno la kwanza: usiamini ukuta. Ukuta wa miti na udongo haushiki musumari wenye kubeba kilo 20. Uzito lazima ushuke chini kwa nguzo.

Tafuta nguzo mbili za mkaratusi uliokauka, zenye unene wa sentimeta 10. Zisimamishe juu ya mawe bapa, karibu na ukuta, ziachane sentimeta 160. Usizizike katika udongo, mchwa watazimaliza. Juu zifunge kwa nguvu kwenye mti wa paa, na chini zizuie zisiteleze. Zipake mafuta ya moto yaliyokwisha kutumika, uziache zikauke inje.

Sasa funga mbao mbili za kulala toka nguzo mpaka nguzo, mbao za libuyu zenye unene wa sentimeta 5. Moja iwe kwenye kimo cha sentimeta 195, ingine 220. Tumia bulo, si misumari. Musumari unalegea kila siku kinga inapopandishwa na kushushwa.

Kwa ndoano, peleka chuma cha beto cha milimeta 12 kwa fundi wa kuchomelea. Akikunje, akichomelee kwenye kibati kinene chenye matundu ya bulo. Mkono wa ndoano utoke sentimeta 15. Uvalishe mpira wa ndani wa kinga ya zamani, usije ukakwaruza janti. Ndoano mbili ziwe kwenye mbao ya chini, na moja, ya katikati, kwenye mbao ya juu. Toka ndoano mpaka ndoano iwe sentimeta 40.

Sababu gani ziwe juu na chini? Ni usukani. Zikiwa kimo kimoja, sukani zinagongana. Zikipishana sentimeta 25, kinga tatu zinaingia katika upana wa sentimeta 160, na zinatoka ukutani kama sentimeta 110 tu. Hiyo ni karibu nusu ya nafasi zilizokula zikipangwa chini. Nyumba ikiwa fupi, shusha mbao zote mbili pamoja, lakini tofauti yao ibaki.

Kupachika si kazi ngumu. Toa mizigo yote. Simamisha kinga juu ya gurudumu la nyuma, isukume mpaka ukutani, uipandishe kidogo, janti ya mbele iingie katika ndoano. Ndoano za chini ziachie mama na vijana wadogo; ile ya juu ni ya mwenye mikono mirefu.

Mbele ya kupachika kinga yoyote, pima kazi yako. Tundika bido mbili za maji za litre 20 kwa kila ndoano, ni kama mara mbili ya uzito wa kinga. Ziache usiku muzima. Asubuhi ukiona mbao imepinda ao bulo imelegea, rudi kazini.

Mambo matatu usisahau. Usijenge juu ya kitanda cha mtoto. Kakao kavu ikae mbali na mnyororo, sababu inashika harufu ya mafuta na bei inashuka. Na usijenge kamwe kwenye njia ya mlango. Sisi wa huku tunajua: kuna usiku watu wanaamka na kukimbia, na hakuna atakayewasha taa. Mlango ubaki mweupe, mtoto mdogo aweze kuufikia akipapasa tu.

Na pikipiki je? Hapana. Ile iko na esanse. Isilale pamoja na watu wala karibu na mbabula.

Ukimaliza, osha sakafu, tandika mkeka pale kinga ilipokuwa. Kazi njema, na mulale vizuri.