Giaboksi Haijakufa, Fundi Hajapima

Wasee, kuna sentensi moja inakula doo ya watu Nairobi vibaya sana: "Bosi, hii giaboksi imekufa." Fundi amezungusha gari mara moja, amesikia ikipiga teke ikibadilisha gia, akapangusa mikono, akatoa hukumu. Hajaskani. Hajachomoa hata kile kijiti cha kupimia oili. Lakini bei ya giaboksi kutoka Japan anayo tayari, na msee wa kuiuza Grogan anamjua kwa jina. Huko ni kubahatisha na pesa za mwenyewe.

Cheki vile hii kitu inafanya kazi. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna solenoidi, yaani koili ya waya na kijichuma kinachosogea katikati. Kompyuta ikituma umeme, kijichuma kinasogea, njia ya oili inafunguka au inafungwa, presha inaenda kwa klachi fulani, gia inaingia. Solenoidi ikikosa kujibu, kompyuta inaweza kuamua kuilinda giaboksi: inabaki gia moja, mara nyingi ya 3. Gari inang'oa kama imebeba mawe. Kwa Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF inaanza kuwaka na kuzima. Hiyo taa si pambo. Gari inakuambia iko na ujumbe, na badala ya kuusoma unapelekwa sokoni.

Binamu yangu anaendesha teksi ya mtandaoni, Toyota ya gia 4. Gari si yake, na mwenyewe anataka pesa kila jioni, itembee isitembee. Ilipokwama gia ya 3, gereji ya kwanza ilimwitisha Sh65,000. Tukaazima mashine ya kuskani: P0753. Hiyo ni shida ya umeme kwenye njia ya solenoidi A. Ingekuwa P0751, ungeshuku zaidi solenoidi iliyokwama, uchafu ama presha ya oili. Tarakimu moja tu, lakini unaanza kutafuta mahali tofauti kabisa.

Na hata P0753 haijasema "nunua solenoidi". Hapa ndio hata mafundi wenye mashine wanatuangusha, wanasoma msimbo kama orodha ya duka. Hiyo njia ina waya, ina soketi, ndio sasa ufike kwa solenoidi. Tukapima na multimita pale kwa soketi: OL, umeme umekatika mahali. Sampu ikafunguliwa, oili bado nyekundu, hakuna vipande vya chuma. Solenoidi ikipimwa peke yake, ohm 13. Kwa hizo Toyota, zile za kufungua na kufunga zinafaa kusoma 11 hadi 15 zikiwa baridi. Ilikuwa nzima! Waya wa ndani ndio ulikuwa umekatika karibu na soketi. Waya, gasketi, oili na kazi, hata Sh10,000 haikufika.

Sisemi giaboksi hazifi. Oili ikiwa nyeusi, inanuka kuungua, na sampu imejaa vipande vya chuma, hata solenoidi mpya haitakusaidia. Na ohm peke yake haitoshi, juu solenoidi inaweza kusoma 13 na bado imekwama kwa uchafu. Ndio maana unaipa volti 12 usikie kama inalia "tik". Hiyo ni kwa zile za kufungua na kufunga tu. Za kudhibiti presha usiziguse na betri moja kwa moja, utaziunguza.

Lakini pia sisi wateja tunachangia. Fundi akisema kupima ni Sh2,000, anaitwa mwizi. Akisema giaboksi ni Sh65,000, tunafungua kikundi cha WhatsApp tuchange. Sasa kwa nini asiuze chuma? Lipa mtu apime. Na usiniambie mambo ya ohm ni ya mainjinia. Mimi chuo niliacha njiani, na multimita haijawahi kuniuliza cheti.

Kabla utoe hata mia, mwambie akuandikie kwa karatasi: msimbo gani, ohm ngapi, oili rangi gani. Akikasirika, chukua funguo zako. Hata na gia ya 3, ukienda polepole utafika kwa fundi mwingine.