MASHAURI YA FUNDI: Chuma Kifaacho kwa Nyundo za Kinu

Kinu cha kusagia mahindi kikivunjika nyundo wakati wa mavuno, mwenye kinu hana subira ya kungoja kipande kipya kutoka mjini. Wateja wamekwisha panga debe zao mlangoni, na fundi wa jua kali yuko karibu, na kipande cha springi ya lori mkononi. Basi springi hukatwa, hutobolewa tundu, hufungwa, na kinu huvuma tena. Hatuilaumu desturi hiyo. Vinu vingi vya vijijini vingalikuwa vimekufa zamani kama si mafundi hao. Lakini yampasa mwenye kinu ajue ni kitu gani anachokifunga, maana nyundo ya kinu si bawaba ya mlango.

Na tupige hesabu kidogo. Ikiwa upana wa duara lizungukwalo na nyundo ni sentimita 50, na mhimili unazunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya kila nyundo husafiri kwa mwendo wa kilometa 280 hivi kwa saa. Kipande kikikatika kwa mwendo huo hutoboa chungio, na bati la kinu likiwa jembamba hulitoboa nalo pia, kikatoka nje waliko watu.

Vyuma vyaweza kufanana kwa macho, navyo havifanani kwa tabia. Jambo kubwa linalovitofautisha ni kaboni iliyomo. Chuma laini, kama kile cha madirisha na malango, hakina hata sehemu tatu za kaboni katika elfu; hukunjika, huchomelewa kwa urahisi, lakini hakiwezi kufanywa kigumu kwa kuchovywa, na nyundo yake huisha upesi. Pua ya mihimili ya magari ina sehemu nne hivi, springi bapa za lori sita hivi, na tupa ya fundi hufika kumi na mbili. Tupa kuukuu ni ngumu kweli, lakini asikudanganye mtu kuifanya nyundo: huvunjika kama kigae. Nondo za nyumba nazo tusingependa kuziona ndani ya kinu. Zimetengenezwa ili zikae ndani ya zege.

Jinsi ya kutambua chuma usichokijua ni kukigusisha kwenye jiwe la kunolea la umeme, mahali penye kivuli, hali umevaa miwani ya kazi. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyoka, zenye kupasuka kuchache. Kaboni ikizidi, cheche hupasuka nyota nyingi na kutoa matawi karibu na jiwe. Chuma cha kusubu, kama cha bloku za injini, hutoa cheche fupi nyekundu. Weka kando ya meza yako kipande cha springi na kipande cha chuma laini unavyovijua kwa hakika, uvilinganishe na hicho cha mgeni. Jicho hujifunza upesi kwa kulinganisha kuliko kwa kusoma gazeti hili.

Basi kwa nyundo twachagua springi bapa, lakini si kila springi. Ile iliyotupwa kwa sababu ilivunjika huenda ina nyufa nyingine zisizoonekana. Isugue kwa brashi ya waya, uipake mafuta mepesi, uyafute, kisha uipake chokaa. Palipo na ufa, mafuta yatachora mstari. Ukiona mstari, tupa.

Ili itobolewe, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uizike katika majivu makavu mpaka asubuhi. Ikiisha tobolewa, ipashe moto ncha peke yake hata sumaku isiishike tena, uongeze joto kidogo, uichovye katika mafuta. Maji huipasua. Hapo itakuwa ngumu mno, wala isifungwe hivyo: isafishe ing'ae, uipashe polepole ukitazama rangi. Itakuwa ya manjano, kisha zambarau, kisha buluu ikaribiapo digrii 300. Ngoja hata buluu ipite na kuanza kijivu. Upande wa tundu usichovywe kamwe. Mafundi wengi hupenda nyundo ngumu kwa sababu hukaa siku nyingi, nasi twaona ni afadhali kununua nyundo mara mbili kuliko kumzika msagaji.

Pini inayoshika nyundo hizo haifai kuwa ya springi. Ikiwa unaweza, nunua fimbo mpya ya duara katika Eneo la Viwanda la Nairobi, uiulize kwa namba yake, EN8, ambayo ni pua ya kaboni sehemu nne katika elfu. Kwa pini za jembe la trekta zilizowekwa ili zikatike mzigo ukizidi, usitie bolti yenye alama 8.8 au 10.9 kichwani mahali pa ile laini, kwa maana kitakachokatika badala yake ni giaboksi.

Vyuma vikuukuu vyapatikana tele Gikomba na Kamukunji. Nunua kwa mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 itakavyo, na udai risiti. Mwezi wa Januari 2022 Serikali iliisimamisha biashara hiyo yote kwa sababu ya nguzo za umeme zilizoharibiwa, na haikuruhusiwa tena ila mwezi wa Mei. Kipande cha reli kilicho uwanjani mwako bila karatasi ni taabu tupu. Vile vile usichome chuma kilichopakwa zinki, kwani moshi wake huleta homa, wala usikate kwa moto shokamzoba iliyofungwa.

Mwisho ni mizani. Nyundo mbili zinazoelekeana zisipokuwa na uzito mmoja, kinu hutetemeka na beringi hufa. Usifunge mpya moja kati ya kuukuu zilizolika; badili jozi nzima. Mizani ndogo ya duka ionyeshayo gramu yatosha, na iliyo nzito ipunguzwe kwenye ncha, si karibu na tundu.