Breki Kwanza, Hema Baadaye

Ni jambo la kufurahisha kuona kwamba wananchi wa mkoa huu wa Arusha, hasa vijana, wameingiwa na hamu ya kuizuru nchi yao kwa magari yao wenyewe na kulala katika mahema yao wenyewe. Kwa miaka mingi safari za namna hiyo zilihesabiwa kuwa starehe ya wageni, na sisi kazi yetu ikawa kuwaendesha, kuwapikia na kuwafungia mizigo. Mwezi Oktoba 2024, Land Rover zilipokusanyika kwa mamia mjini Arusha, ilidhihirika kwamba magari haya ya zamani yangali na wapenzi wengi, na kwamba mafundi wa kuyatunza hawajatoweka.

Hata hivyo, hamu peke yake haifikishi mtu safari. Limezuka tabia ambalo hatuna budi kulikemea. Mtu hununua gari kuukuu kwa fedha za mkopo, na kabla hajalilalia chini kuitazama chesisi, amekwisha kuweka keria juu ya paa, taa nne za ziada, winchi na tairi pana. Gari hung'aa kama bibi harusi, ilhali mipira ya rejeta imepasuka na breki zinavuja. Huo si mpango, bali ni israfu. Na katika njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, ambako jua ni kali na msaada u mbali, israfu hiyo yaweza kugharimu roho za watoto waliopakiwa kiti cha nyuma.

Sisi tunasema kwamba mwenye fedha kidogo ndiye anayehitaji mpango kuliko mwenye nyingi. La kwanza ni kulijua gari lenyewe. Chukua mfano wa Land Rover za Series III, zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, nayo haishikwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi yake ni ya chuma, na kutu huila kwa chini na kwa ndani, pasipoonekana. Mnunuzi anayeridhika na rangi mpya amedanganyika. Na aingie chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi yote, hasa sehemu ya nyuma na mahali zinaposhikwa springi. Panapotoa mlio mzito, au panapobonyea, pana gharama.

La pili ni kufuata utaratibu. Kwanza breki na usukani, kisha rejeta, mipira yake na mkanda wa feni, kisha springi na shokomzoba, kisha tairi, kisha nyaya za umeme na betri. Hayo yakitimia ndipo tuzungumze habari za hema. Breki za magari haya ni za ngoma, na zikiisha kupita mtoni hupoteza nguvu hata zikauke. Asiyelijua hilo huligundua akiwa katikati ya mteremko. Kadhalika, gari hili kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kifundo cha njano ndicho kinachoyaunganisha ya mbele, na mkono mwekundu ndio unaoshusha gia kwa ajili ya tope na milima. Mambo hayo na yafundishwe nyumbani, si ndani ya tope jeusi la masika.

La tatu ni fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shauri letu ni kwamba katika kila shilingi kumi alizo nazo mtu, tano ziwe za kununulia gari, tatu za matengenezo, moja ya vifaa vya kambi, na moja isiguswe mpaka siku ya dhiki. Anayemaliza shilingi zote kumi katika kununua hana gari. Ana deni lenye magurudumu manne. Ni afadhali pia kutafuta gari lililokwisha kuwamo nchini, kwa kuwa gari kuukuu litokalo ng'ambo hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wake.

La nne ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, hayajahesabiwa madumu yenyewe. Ukiyapandisha juu ya paa pamoja na hema la kukunjua lenye kilo 60 na tairi la akiba, gari huwa kama mtu aliyejitwika gunia kichwani akipita juu ya ukingo wa shamba. Pepesuko moja humwangusha. Maji na yakae chini, katikati ya magurudumu. Hema la kawaida linalosimikwa ardhini, turubai, mikeka, jiko la mkaa, sepetu, jeki madhubuti na ubao wa kuiwekea jeki vyatosha kwa familia, na vyote hupatikana sokoni.

Wapo watakaosema kwamba mnyonge hana haja ya safari hizi, angoje kwanza atajirike. Hatukubaliani nao. Mbuga zetu, na viingilio ambavyo kwa raia vimewekwa chini kuliko vya wageni, havikuwekwa ili tuvisome katika magazeti. Mtoto aliyelala kando ya Ngorongoro na kumsikia fisi usiku ataielewa maana ya kuihifadhi nchi kuliko aliyehubiriwa. Wengine watasema kwamba ufundi hatuna. Hao nao wamekosea. Gereji za Arusha hukata Land Cruiser, zikazirefusha na kuzitia paa la kufunguka kwa ajili ya watalii. Mikono ifanyayo kazi hiyo haiwezi kushindwa kuchomelea rafu mbili za vyombo na sanduku la kulalia. Fedha itakayolipwa kwa fundi wa hapa itabaki hapa.

Tunawahimiza, basi, wenye magari haya washirikiane: wanunue vifaa kwa pamoja, waazimane zana, na wasafiri magari mawili au matatu, ili moja likikwama lipate la kulivuta. Nao mafundi tunawaomba wamweleze mteja ukweli kabla ya kupokea fedha yake, hata kama ukweli huo ni kwamba gari hilo halifai. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na barabarani hapajengwi ukuta. Hapo huchimbwa kaburi.